Taya la Chini Linapotangulia: Mtu Mzima Asilaumiwe Akitaka Kutibiwa

Katika mpangilio wa kawaida wa kinywa cha binadamu, meno ya mbele ya juu huyafunika kidogo meno ya chini, kama kifuniko kinavyozidi kidogo ukingo wa chungu. Wapo watu, hata hivyo, ambao kwao mpangilio huo umegeuka: wafungapo kinywa, meno ya chini hupita mbele ya yale ya juu, na kidevu huchomoza. Hali hii si ugonjwa wa kuambukiza, wala haimwui mtu. Pengine hiyo ndiyo sababu haitajwi katika masomo yetu ya biolojia, ingawa shule yenye wanafunzi mia kadhaa ni nadra kumkosa aliye nayo, na ni nadra zaidi kwa mwanafunzi huyo kukosa jina la utani alilopachikwa na wenzake.

Mtoto mwenye taya la namna hii huhurumiwa angalau na wazazi wake. Mtu mzima hahurumiwi. Akiwa na umri wa miaka 30 au 40, mwenye kazi na familia, kisha akatamka kwamba anataka kufungwa nyaya kwenye meno na baadaye kupasuliwa taya, watu humcheka. Wengine humwambia kwamba amechelewa. Wengine kwamba anaringa. Wengine kwamba anapoteza fedha katika nchi ambayo hospitali zake zina kazi nyingine za haraka. Makala haya yanadai kwamba lawama hizo tatu hazina uzito unaodhaniwa. Lakini haiwezekani kuzipima kabla ya kufahamu jambo lenyewe, kwa hiyo tuanze na mifupa.

Mwaka 1899 daktari wa meno wa Marekani, Edward Angle, aliyagawa maumano ya meno katika madaraja matatu kwa kutazama jinsi gego la kwanza la juu linavyokutana na gego la kwanza la chini. Daraja la tatu ni lile ambalo gego la chini limesogea mbele kupita mahali pake. Mgawanyo huo unatumika hadi leo, na una faida ya urahisi. Kasoro yake ni kwamba unatazama meno, ilhali chanzo cha tatizo mara nyingi kimo katika mifupa inayoyabeba. Taya la chini laweza kuwa refu kupita kiasi. Laweza pia kuwa na urefu wa kawaida kabisa, ila taya la juu halikukua vya kutosha, na hapo kidevu huonekana kirefu bila kuwa kirefu. Kwa watu wengi mambo hayo mawili huchanganyika. Wapo pia ambao mataya yao ni sawa, bali meno machache ya juu yameinama kwa ndani. Hao nyaya peke yake zinawatosha, na mtu asiwazungumzie habari ya kisu.

Ni picha ya eksirei ya kichwa, iliyopigwa kwa ubavu, inayotofautisha hali hizi. Mbinu ya kupiga picha hiyo kwa vipimo vinavyoweza kulinganishwa mwaka hata mwaka ilitolewa mwaka 1931, na Broadbent huko Marekani na Hofrath huko Ujerumani, kila mmoja kivyake. Daktari huchora juu ya picha mistari na pembe, kama mwanafunzi wa jiometri, na kutokana na pembe hizo hujua ni mfupa upi uliokosa.

Kuhusu chanzo, mfano unaotajwa sana ni ule wa ukoo wa Habsburg, uliotawala Austria na Hispania kwa karne kadhaa. Kaizari Charles V, aliyezaliwa mwaka 1500, alikuwa na taya lililochomoza kiasi kwamba hakuweza kufunga kinywa barabara, na wachoraji wake, hata waliotaka kumpendeza, hawakuweza kulificha. Mfalme Charles II wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700 bila mrithi, alipata taabu kutafuna na kusema. Kwa miaka mingi vitabu viliitaja familia hii kama mfano wa sifa inayotawala, yaani ile ambayo jeni moja tu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuidhihirisha. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania walizichunguza picha 66 za kuchorwa za ukoo huo kwa msaada wa wapasuaji wa mataya, wakalinganisha ukali wa hali hiyo na kiasi cha ndoa za ndugu kwa ndugu. Walikuta kwamba kadiri ndoa hizo zilivyozidi, ndivyo taya lilivyozidi kuchomoza. Jambo hilo linaashiria pia mchango wa jeni zilizofichika, ambazo hujitokeza zinapokutana kutoka pande zote mbili. Wazazi wa Charles II walikuwa mtu na mpwa wake. Mwalimu wa urithi hapa ana somo zuri: mfano uliokuwa ukifundishwa kwa uhakika umelazimika kuandikwa upya.

Haifai, hata hivyo, mwanafunzi afikiri kwamba kila mwenye taya hilo ametoka katika ndoa za ndugu. Hali hii hupatikana katika mataifa yote, na imeenea zaidi Asia ya Mashariki. Katika familia nyingi baba anayo, binti anayo, na watoto wengine watatu hawana.

Sasa, inamzuia mtu kufanya nini? Wenye meno yaliyopangika hawajui ni kazi ngapi wanazozifanya kwa meno ya mbele. Hindi la kuchoma haliguguniki kwa meno yasiyokutana. Muwa haumenyeki, na ganda la embe halivutiki. Kipande cha nyama hubidi kikatwe kwa kisu au kiingizwe kinywani kizima na kusukumwa hadi kwenye magego, ambayo nayo mara nyingi hayakutani sawasawa. Mzigo wa kutafuna ukiangukia meno machache, meno hayo husagika kabla ya wakati wake. Baadhi ya watu hupata pia maumivu ya misuli ya shavu.

Jambo la pili ni usemi. Mwalimu aweza kulionyesha darasani bila chombo chochote: awaambie wanafunzi wasukume taya la chini mbele hadi meno ya chini yapite ya juu, kisha watamke polepole maneno fimbo, vifaa, fafanua, sisimizi. Sauti za f na v hutolewa kwa kugusisha mdomo wa chini na meno ya juu. Taya likishatangulia, mdomo huo huwa mbali, na msemaji hulazimika kutumia mdomo wa juu na meno ya chini, au midomo yote miwili. Sauti za s na z zinahitaji mwanya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, nao huwa umeharibika. Kiswahili, chenye kiambishi vi- katika majina yasiyohesabika, hakimpi mtu wa namna hiyo nafasi ya kuikwepa v.

Uhusiano huu wa mfupa na lugha ni wa kale kuliko tunavyodhani. Mwanaisimu wa Marekani, Charles Hockett, alitoa mwaka 1985 wazo kwamba sauti za f na v zilienea duniani baada ya watu kuanza kilimo na kula vyakula laini, kwa sababu hapo kale meno ya watu wazima, yakisagwa na chakula kigumu, yaliishia kukutana ncha kwa ncha. Hata Hockett mwenyewe baadaye alilitilia shaka. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Damián Blasi lilichapisha katika jarida la Science uthibitisho mpya kwa kutumia vielelezo vya kompyuta na orodha za sauti za lugha nyingi: meno ya juu yakitangulia kidogo, f na v hutamkwa kwa nguvu pungufu, na lugha za jamii za wawindaji zina sauti hizo chache zaidi kuliko lugha za wakulima. Wapo wanaisimu wanaoendelea kulipinga wazo hilo. Lakini mwenye taya lililotangulia hahitaji kusubiri mwisho wa ubishi wao; anaijua tofauti hiyo kila asubuhi anapoanza kusema.

Namfahamu mwalimu mmoja wa fizikia, mtu hodari katika kazi yake, ambaye kwa miaka mingi aliandika ubaoni zaidi ya alivyosema. Wanafunzi walidhani ndiyo mbinu yake ya kufundisha. Hakula mbele ya wenzake katika chumba cha walimu, na alipopigwa picha alishika kidevu kama mtu anayewaza. Hakuna chombo cha hospitali kinachopima hasara ya namna hii, na kwa kuwa haipimwi, ni rahisi kuambiwa kwamba haipo.

Twende kwenye tiba. Msingi wake wa kwanza ni ukweli ambao watu wengi hawauamini mpaka wauone: mfupa hutii nguvu ndogo inayodumu. Jino halikupachikwa ndani ya taya kama msumari ndani ya ubao. Limening'inizwa kwa nyuzinyuzi laini kati ya mzizi na mfupa. Waya ukilisukuma jino upande mmoja, nyuzi za upande huo hubanwa, na seli zinazovunja mfupa huitwa kazini. Upande wa pili nyuzi hunyooshwa, na seli zinazojenga mfupa huweka mfupa mpya. Jino basi husafiri ndani ya taya, takriban milimita moja kwa mwezi, likivunja mbele yake na kujenga nyuma yake. Nguvu ikizidi, jino haliendi kwa kasi zaidi. Damu huzibwa, seli hufa, na safari husimama. Anayeomba nyaya zikazwe sana ili amalize mapema anaomba kucheleweshwa.

Uwezo huu wa mfupa haukomi utotoni. Umri wa mtu mzima huichelewesha kazi kidogo tu, mradi ufizi ni mzima na meno ni safi. Kwa hiyo wanaosema kwamba mtu wa miaka 35 amechelewa kufungwa nyaya hawana hoja ya kibiolojia. Waya wenyewe nao umeboreka. Mwaka 1959 William Buehler, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, alianza kuchunguza mchanganyiko wa nikeli na titani ambao baadaye ulidhihirika kuwa na ajabu ya pekee: ukikunjwa, huikumbuka sura yake ya kwanza na kuirudia ukipata joto. Ulikusudiwa kazi za kijeshi. Katika miaka ya 1970 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa aliuleta katika utabibu wa meno, na leo waya wa namna hiyo huvuta meno kwa upole kwa wiki nyingi bila kukazwa tena na tena.

Hata hivyo nyaya husogeza meno. Haziwezi kufupisha taya la mtu mzima wala kurefusha lingine. Na hapa huja hatua ambayo mgonjwa asipoelezwa mapema atadhani ametapeliwa. Kwa miaka mingi mwili umekuwa ukijaribu kuficha kasoro ya mifupa kwa kuinamisha meno: ya juu yameelekea mbele, ya chini yamelala nyuma, ili angalau yakaribiane. Kabla ya upasuaji, daktari wa kupanga meno huufuta ujanja huo. Huyasimamisha meno wima juu ya mifupa yake, ya juu yakirudi na ya chini yakija mbele. Matokeo ni kwamba kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, sura ya mgonjwa huzidi kuwa mbaya. Taya huonekana kutangulia zaidi ya mwanzo, na kutafuna huwa kugumu zaidi. Jirani huuliza ni tiba gani hii inayoongeza ugonjwa. Mtu anayevumilia kipindi hicho kwa hiari yake, huku akienda kazini kila siku na kinywa cha nyaya, si rahisi kumwita mtu wa maringo.

Upasuaji una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1849, katika mji wa Wheeling ambao leo umo katika jimbo la West Virginia, Simon Hullihen alimpasua binti aliyeungua moto utotoni. Kovu la shingoni lilikuwa limelivuta taya lake la chini kwa miaka mingi hadi likarefuka, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi wa nguvu ndogo inayodumu. Mwishoni mwa karne ile ya 19, mjini St. Louis, Vilray Blair alikata vipande vya mfupa pande zote mbili za taya lililochomoza na kulirudisha nyuma, akishirikiana na Angle tuliyemtaja. Ujasiri wao ni wa kusifiwa, lakini matokeo ya mbinu za kale yalikuwa ya kubahatisha. Mfupa uliokatwa moja kwa moja huwa na nyuso ndogo za kugusana, misuli yenye nguvu ya kutafuna huzivuta sehemu hizo huku na huku, na mfupa hukataa kuunga. Mara nyingi jino zima lilitolewa pamoja na mfupa. Aliyepasuliwa kwa nje alibaki na kovu.

Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa Hugo Obwegeser, Mwaustria aliyefanya kazi kwa miaka mingi Zurich na kufariki mwaka 2017. Badala ya kulikata taya kwa kukingama, alilipasua kwa urefu wake, nyuma ya magego, kama seremala anavyoupasua ubao katika mbao mbili nyembamba. Bamba la ndani hubaki na meno, bamba la nje hubaki na kiungo cha taya. Mabamba hayo hutelezeshwa, moja juu ya jingine, mpaka meno yafike mahali yanapotakiwa. Hata baada ya kutelezeshwa, yanagusana kwa eneo pana lenye uboho, na mfupa huunga kwa uhakika. Kila kitu hufanyika kwa ndani ya kinywa. Usoni hapabaki kovu. Yeye na mwalimu wake Richard Trauner waliieleza mbinu hiyo kwa Kiingereza mwaka 1957, na mwaka 1961 Giorgio Dal Pont wa Italia akaipanua zaidi ili mabamba yagusane kwa eneo kubwa zaidi. Wanafunzi wa useremala katika shule zetu za ufundi wataielewa kanuni hii kuliko wengine: nguvu ya kiungo ni eneo la mgusano.

Taya la juu lina hadithi yake. Mwaka 1901, huko Lille, Ufaransa, René Le Fort alivigonga vichwa vya maiti kwa namna mbalimbali ili ajue uso huvunjika wapi. Aligundua kwamba hauvunjiki ovyo, bali hufuata mistari mitatu ya udhaifu. Mstari wa chini kabisa hupita juu ya mizizi ya meno ya juu, chini ya pua. Wapasuaji wa baadaye waliugeuza mstari wa ajali kuwa ramani ya tiba: wakakata hapo kwa makusudi na kulileta taya la juu mbele. Hofu ilikuwa kwamba mfupa uliotengwa hivyo ungekosa damu na kufa. William Bell wa Texas aliifanyia utafiti hofu hiyo kwa nyani aina ya rhesus, akaonyesha kwamba nyama laini za kaakaa na ufizi zinatosha kuupa mfupa huo damu. Tangu hapo, hasa tangu miaka ya 1970, imekuwa kawaida kuyasogeza mataya yote mawili kwa siku moja. Jambo hilo lina faida kwa wenye taya lililotangulia, kwani kulirudisha sana nyuma taya la chini peke yake hupunguza nafasi ya ulimi na njia ya hewa. Siku hizi madaktari wengi hupendelea kulileta la juu mbele, na kulirudisha la chini kidogo tu.

Siku ya upasuaji mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, na mpira wa kupumulia hupitishwa puani badala ya kinywani, ili wapasuaji waweze kuyakutanisha meno na kuyapima. Kibamba cha plastiki kilichofinyangwa kabla kwa mifano ya meno yake huwaonyesha mahali hasa pa kuyaweka mataya. Kisha mifupa hufungwa kwa skrubu na vibati vidogo vya titani. Hapo zamani mataya yalifungwa kwa waya pamoja kwa muda wa wiki sita hivi, na mkasi wa kukatia waya ukawekwa kando ya kitanda endapo mgonjwa angetapika. Bernd Spiessl wa Uswisi alipoanza kutumia skrubu katika miaka ya 1970, adhabu hiyo ilianza kuondoka. Uso huvimba, na uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Kwa wiki kadhaa mtu huishi kwa uji, maziwa, supu na ndizi zilizopondwa, naye hukonda. Nyaya hubaki tena miezi kadhaa kwa marekebisho ya mwisho.

Ipo hatari moja ambayo daima itajwe kwa sauti. Ndani ya taya la chini hupita neva inayoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu, na upasuaji wa Obwegeser hupita kando yake kabisa. Wagonjwa wengi hupata ganzi ya mdomo wa chini kwa wiki au miezi. Kwa baadhi yao hisia hazirudi zote maisha yao yote: hawasikii tone la chai linalotiririka kidevuni, au ukingo wa kikombe. Mdomo hausiti kutembea, kwa kuwa neva hiyo haiongozi misuli, lakini hisia zimepungua. Uwezekano wa ganzi kudumu huongezeka kadiri umri unavyokuwa mkubwa. Hapa ndipo wanaosema umri una maana wanapata haki yao, ila wameipata mahali wasipopatazama. Daktari asiyeitaja neva hii kabla ya kumpa mgonjwa karatasi ya kutia sahihi hajamtendea haki.

Turudi kwenye lawama. Juu ya maringo, sitadai kwamba sura haihusiki. Inahusika, na mtu mzima ana ruhusa ya kuijali sura yake. Lakini mtu aliyevunjika mguu ukaunga upande, akaenda kunyooshwa, hatuulizi kama anataka kutembea au kupendeza. Mtoto mwenye mdomo sungura tunampeleka hospitali bila mjadala. Kwa nini mfupa wa kidevu peke yake uwekewe mahakama? Nadhani ni kwa sababu mwenye nao amejifunza kuishi nao, nasi tunauchukulia ustadi wake wa kuficha kuwa ushahidi kwamba hana shida.

Juu ya fedha na kazi za haraka, hoja ni nzito zaidi, na sipendi kuipuuza. Tiba hii ni ya gharama, huchukua miaka miwili au zaidi, na madaktari bingwa wa kupanga meno katika Afrika Mashariki ni wachache, wengi wao wakiwa katika miji mikubwa. Mtu wa Mpanda hawezi kusafiri kila mwezi kwenda Dar es Salaam kurekebishwa waya. Lakini tutazame nani tayari anafanya kazi ya mataya katika hospitali zetu. Ajali za bodaboda zimewajaza wapasuaji wa mataya wagonjwa waliovunjika nyuso. Uvimbe wa taya unaotoka katika tishu zinazotengeneza meno, ambao hula mfupa kwa miaka bila maumivu, huonekana mara kwa mara katika hospitali zetu za rufaa. Mpasuaji anayeunganisha taya la dereva wa bodaboda hutumia vibati vile vile, skrubu zile zile, mpira ule ule wa puani, na hufuata mistari ile ile ya Le Fort. Anayejua kulikata taya kwa mpango na kulifunga kwa milimita hulifunga vizuri zaidi lile lililokatika bila mpango. Muhimbili walianza kuwafundisha madaktari wa meno mwaka 1979. Nairobi walitangulia kwa miaka michache. Ujuzi wa kupasua, basi, haututoki mbali. Kinachopungua ni wapangaji wa meno, na hao wangewafaa pia maelfu ya watoto wenye meno yaliyosongamana.

Nakubali kwamba chumba cha upasuaji kikiwa na meza moja, majeruhi wa ajali apite kwanza. Lakini kuwekwa nyuma katika foleni si sawa na kufukuzwa kwenye foleni.

Isichukuliwe pia kwamba kila mwenye taya hili apasuliwe. Ambaye meno yake yanakutana ncha kwa ncha tu, anatafuna, anasema, na hana kinachomsumbua, hana ugonjwa. Anayevuta sigara, mwenye ufizi unaooza, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, yafaa ashughulikie hayo kwanza, kwani mfupa wake utaunga kwa shida. Na yule anayetaka kupasuliwa kwa sababu mchumba amemtaka afanye hivyo, daktari mwenye busara humrudisha nyumbani akafikiri.

Limebaki jambo linalowahusu wasomaji wa shule za sekondari kuliko wengine wote. Mtoto wa miaka 7 hadi 10 ambaye tatizo lake ni taya la juu lililodumaa aweza kusaidiwa kwa kifaa kinachovaliwa usoni nyakati za usiku, chenye mipira inayolivuta taya la juu mbele wakati mfupa ungali unakua. Mwanafunzi wa kidato cha pili amekwisha kuupita umri huo. Wala hajaufikia umri wa kupasuliwa, kwa sababu taya la chini ndilo mfupa wa uso unaochelewa kuliko yote kumaliza kukua: kwa wasichana mara nyingi hadi miaka 16 au 17, kwa wavulana hadi 18 au 20, na pengine zaidi. Akipasuliwa kabla, taya huendelea kukua na kuiharibu kazi yote. Yuko, kwa hiyo, katika miaka ya kungoja.

Miaka hii ndiyo yenye hatari ya haraka za watu wazima. Mzazi mwenye huruma humpeleka kijana kwa mtaalamu, naye hung'oa meno mawili ya chini na kuyavuta yaliyobaki nyuma ili kasoro isionekane. Kwa hali nyepesi tiba hiyo yaweza kufaa. Kwa hali kubwa ni kinyume kabisa cha matayarisho ya upasuaji tuliyoyaeleza, na kijana akitaka kupasuliwa akiwa na miaka 22 itambidi kwanza arudishe meno mbele, katika mfupa ambao nafasi yake imekwisha kufungwa. Kabla ya kukubali jino lenye afya ling'olewe, mzazi aulize swali moja: je, taya limemaliza kukua, na limepimwaje? Jibu linalotosha ni picha mbili za eksirei za ubavu wa kichwa, zilizopigwa kwa mpishano wa mwaka mmoja, zikiwekwa moja juu ya nyingine na mistari yake ikalingana. Kama hakuna picha, basi hata daftari la urefu wa mwanafunzi, linaloandikwa na mwalimu wa michezo kila muhula, laweza kuonyesha kama mwili wake bado unapanda.